Mama ameambiwa vata yake imezidi: aache vidonge vya sukari?

"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 58 na huu ni mwaka wa sita ana kisukari. Anatumia metfomini na glibenklamaidi, pamoja na kidonge kimoja cha presha. Mwezi uliopita shangazi alimpeleka kwa tabibu wa Kihindi aliyefikia hapa Tanga. Alimshika mshipa wa mkono kwa muda mrefu, akamtazama ulimi, akamuuliza habari za usingizi, choo na hata ndoto. Akasema vata yake imezidi, moto wa tumbo umefifia na mwili umejaa sumu. Akampa unga wa kijani kwenye kopo lisilo na maandishi, vidonge vidogo vyeusi vya mviringo, na mafuta ya kujipaka. Anataka mama apunguze dawa za hospitali mpaka aziache, maana ni kemikali, kisha asafishwe mwili kwa siku saba. Tangu aanze, mama analala vizuri na choo kimelainika. Ila juzi alfajiri alitoka jasho na kutetemeka, tulipompima sukari ikawa 3.4. Shangazi anasema ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kaka anasema huu ni uganga, tena ni ibada za Kihindu. Ayurveda ni nini hasa, na mama afanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole, maana unavutwa huku na huku na watu ambao wote unawaheshimu. Nitakueleza Ayurveda kwa nafasi, lakini hiyo 3.4 haingoji maelezo, basi tuanze nayo.

Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, sukari kushuka chini ya 4 ni hatari, iwe imeshushwa na kidonge au na mzizi. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo umeanza kukosa chakula chake. Dawa nzuri huirudisha sukari mahali pake na kuishia hapo. Kwa hili shangazi amekosea, ingawa nia yake ni njema.

Katika vidonge vya mama, wa kuangaliwa kwanza ni glibenklamaidi. Hiyo hulikamua kongosho litoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala, na kazi yake huendelea kwa saa nyingi. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Sasa juu ya glibenklamaidi ukiongeza unga wenye karela (lile tunda chungu la Kihindi), uwatu au jani la gurmar, ambazo ni dawa za kawaida za kisukari kwa matabibu wa India na huweza kuteremsha sukari, umekamua mara mbili. Upo pia uwezekano mbaya zaidi. Dawa zinazoitwa za asili za kisukari zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali, glibenklamaidi ikiwa mojawapo. Kopo halina maandishi, kwa hiyo hakuna ajuaye mama anameza nini.

Leo hii, basi, asimamishe unga na vile vidonge vyeusi. Metfomini na kidonge cha presha asiviache. Piga simu au mpeleke kliniki yake ya kisukari leo leo, si siku ya miadi, waambie sukari ilifika 3.4 na uwaulize kuhusu dozi ya glibenklamaidi, kwa sababu huenda wakaipunguza au kuibadilisha. Ikitokea tena kabla hamjafika, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na ikishapanda ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Hata akizinduka, afike hospitali, kwa sababu sukari iliyoshushwa na glibenklamaidi huweza kupanda kidogo kisha ikaanguka tena.

Sasa tukae tuzungumze. Mimi ni mfamasia, si daktari, na sehemu ya masomo yangu niliyapata India, ambako duka la dawa za hospitali na la dawa za Ayurveda hutazamana barabarani na watu wale wale huingia yote mawili. Kaka yako anasema uganga. Neno hilo halitoshi. Ayurveda ni mfumo mzima wa tiba wenye vitabu, matawi na shule. Nchini India mtu husomea shahada yake kwa miaka mitano na nusu, mazoezi ya hospitali yakiwemo, na tangu 2014 ipo wizara kamili inayosimamia tiba hizo za jadi. Vitabu vyake vikuu ni mkusanyiko wa Charaka, unaohusu zaidi magonjwa ya ndani, na ule wa Sushruta, unaosifika kwa upasuaji. Sushruta anaeleza hata namna ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua, kwa ngozi iliyochukuliwa shavuni. Utasikia wauzaji wakisema ni elimu ya miaka 5,000. Vitabu hivyo katika sura tunayoijua vina umri wa takriban miaka 2,000, ambao ni mwingi wa kutosha bila kuongezwa chumvi. Na hata hivyo, ukongwe si ushahidi kwamba dawa fulani inamfaa mama yako.

Fikra yenyewe ni hii. Kila kitu, mwili ukiwemo, kimeumbwa kwa asili tano: anga, upepo, moto, maji na udongo. Katika mwili asili hizo hujidhihirisha kama nguvu tatu, na mwili umekaa juu ya hizo tatu kama chungu juu ya mafiga. Vata ni ya upepo na anga: kavu, nyepesi, baridi, isiyotulia, na kila mwendo ni wake, kuanzia pumzi hadi choo. Pitta ni ya moto na maji kidogo: ya joto, kali, yenye kusaga chakula na kukigeuza. Kapha ni ya maji na udongo: nzito, baridi, tulivu, yenye kushikanisha viungo na kuvilainisha. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, na huo ndio maumbile yake. Ugonjwa huja pale mojawapo inapozidi kipimo alichozaliwa nacho.

Kanuni ya tiba hutoka hapo moja kwa moja: kinachofanana na hali huiongeza, kilicho kinyume huipunguza. Mtu mkavu, mwembamba, mwenye wasiwasi na asiyepata usingizi husemwa vata imempanda, basi hupewa vitu vya moto, vizito na vya mafuta, hukandwa kwa mafuta ya ufuta, huambiwa ale na kulala kwa saa zile zile kila siku. Mwenye pitta iliyozidi hupunguziwa pilipili, vitu vichachu na chumvi. Mwenye kapha huambiwa aamke mapema, atembee, apunguze vitamu na maziwa. Ladha zenyewe ni sita, tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ile ya kukakasa, na kila moja ina nguvu inayoiongeza na inayoipunguza. Ndiyo maana kwa tabibu hawa jiko na duka la dawa havijatengana.

Mtu wa pwani hii haoni ugeni mkubwa hapa. Bibi zetu waliposema chakula hiki ni cha baridi, kile ni cha joto, mzazi asile hiki, mwenye kifua asiguse kile, walikuwa wakizungumza lugha ya jirani. Hiyo ya kwetu ilikuja zaidi na tibabu ya Waarabu, iliyorithi kwa Wayunani hesabu ya vimiminika vinne vya mwili: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Tiba hizi mbili zilikutana zamani. Baghdad, zama za Waabbasi, kitabu cha Sushruta kilitafsiriwa kwa Kiarabu, na karne ya 9 Ali ibn Rabban al-Tabari, katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, alitenga sehemu nzima kwa ajili ya tiba ya Wahindi. Basi umwambie kaka kwamba tabibu Waislamu walizisoma elimu hizi na kuchukua walichoona kinafaa. Mafuta ya ufuta na tangawizi havina dini. Akisomewa maneno au akiambiwa atoe sadaka kwa mizimu, hilo ni jambo jingine, mkawaulize wanaoijua dini yenu.

Kuhusu moto wa tumbo uliofifia na sumu. Ayurveda huita usagaji wa chakula moto, na hufundisha kwamba moto ukiwa dhaifu chakula hubaki nusu mbichi ndani, kikawa uchafu unaonata na kuziba njia za mwili. Kama namna ya kumfanya mtu asile mpaka kuvimbiwa, asile usiku wa manane, asubiri mlo wa kwanza usagike kabla ya wa pili, ni fundisho zuri na ninalipenda. Lakini uchafu huo hakuna aliyeuona kwa darubini wala kuupima maabara. Vata nayo haina kipimo. Matabibu wawili wakimshika mama mkono mmoja wanaweza kutoa majibu mawili. Na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kutambua ugonjwa kwa kushika mshipa hakumo kwa Charaka. Kulikuja karne nyingi baadaye, kwenye kitabu cha Sharngadhara. Charaka alitaka tabibu amtazame mgonjwa, amguse na amhoji sana, na hilo la kuhoji naona tabibu wenu alilifanya vizuri kuliko wengi wetu wenye makoti meupe.

Mama hana kisukari kwa sababu ya uchafu ulioziba. Kwa watu wengi wa umri wake insulini ipo, ila misuli na ini haviitii ipasavyo. Ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku mtu akiwa amelala, kongosho linajitahidi kuziba pengo, na mwaka hadi mwaka linachoka. Metfomini hulizuia ini kumwaga sukari hiyo. Na kwa kuwa imeitwa kemikali kwa dharau, shangazi aambiwe kwamba chanzo chake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao tangu zamani watu waliutumia kwa dalili za kisukari. Wanakemia walichukua kiini cha aina ile, wakaacha chenye sumu, wakatengeneza kilicho salama zaidi na chenye dozi inayojulikana. Unga wa kijani nao ni kemikali. Tofauti ni kwamba za metfomini zimehesabiwa.

Sisemi mimea ya India haina kitu. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika habari za wagonjwa wa presha aliowatibu kwa mzizi wa sarpagandha, dawa ya jadi ya huko. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakatoa kiini chake, reserpini, ikatumika duniani kote. Ilishusha presha kweli. Pia iliripotiwa kuwatia baadhi ya watu huzuni nzito. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, na mmea haukupewa msamaha katika sheria hiyo. Uwatu una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na tafiti ndogo ndogo zinaonyesha hupunguza kiasi fulani. Karela imetafitiwa mara kadhaa, lakini Cochrane, jopo la kimataifa la kupima ushahidi wa tiba, walipozipitia tafiti hizo walisema ushahidi hautoshi kuitegemea. Mbegu ya zambarau, ambayo Wahindi huisaga kwa kazi hiyo hiyo, hali yake si bora zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyoonyesha kwamba inalinda macho, figo na miguu kwa miaka, na hayo ndiyo tunayoyapigania kwa mgonjwa wa sukari.

Sasa soma hili kwa makini, maana ndilo ningemsomea tabibu mwenyewe. Vitabu vya Ayurveda vinaujua ugonjwa huu vizuri mno. Vinaeleza mkojo mtamu kama asali unaovutia sisimizi. Sushruta anatofautisha mgonjwa aliyezaliwa na ugonjwa, mara nyingi mwembamba, na aliyeupata kwa ulaji, mara nyingi mnene, karne nyingi kabla ya hospitali kutofautisha aina ya kwanza na ya pili. Tiba yake kwa mnene ni jasho: matembezi marefu sana, na maskini achimbe visima. Charaka naye anapanga: aina za ugonjwa huu zinazotokana na kapha zinatibika, za pitta hutulizwa tu kwa kuendelea na dawa, na za vata, ule wa mkojo wa asali ukiwemo, haziponi. Basi tabibu anayesema tatizo la mama ni vata, kisha anaahidi kwamba ataacha dawa zote, mwambie hilo halimo kwenye vitabu vyake. Na kama alikusudia kwamba mama ana maumbile ya vata tu, hayo si ugonjwa. Ni sawa na kumwambia yeye ni mrefu.

Vile vidonge vyeusi vya mviringo ndivyo vinavyoniogopesha zaidi. Ndani ya Ayurveda lipo tawi lililoshamiri baadaye, linalotengeneza dawa kwa madini: zebaki, risasi, aseniki, chuma, zikichomwa na kusagwa tena na tena. Wafuasi wake husema kuchoma huko huondoa sumu. Maabara hazikubaliani nao. Watafiti wa Boston walinunua dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia ya Kusini kwenye maduka ya mji huo, wakachapisha mwaka 2004: 14 kati yake, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Waliporudia kwa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, mwaka 2008, ilikuwa tena kama moja katika tano, na kwa zile za tawi la madini ilikuwa takriban nne katika kumi. New York, kati ya 2011 na 2012, waligunduliwa wajawazito sita wenye risasi kwenye damu kwa kutumia dawa za namna hii. Risasi huleta tumbo kusokota, choo kigumu, uchovu na upungufu wa damu. Zebaki hudhuru figo, na figo za mama mwenye kisukari cha miaka sita tayari zinahitaji kulindwa. Sidai kwamba vidonge vyake vina madini hayo. Nasema hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba havina, na aliyempa hakuandika hata jina.

Kwa hiyo usivitupe. Peleka kopo na vidonge kliniki vilivyo, uombe mama apimwe utendaji wa figo na ini, na kama ameshavitumia kwa wiki kadhaa umuulize daktari kuhusu kupima risasi kwenye damu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huweza kuchunguza dawa za asili. Muulizeni pia tabibu kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sababu hapa Tanzania sheria inamtaka asajiliwe, awe Mhindi au Msambaa. Aliyesajiliwa hakasiriki kuulizwa.

Kusafishwa mwili kwa siku saba sikubali, si kwa sasa. Matendo ya Ayurveda ya kusafisha ni matano: kutapishwa, kuharishwa, kupigwa bomba la njia ya nyuma, kutiwa dawa puani na kutolewa damu. Wengi siku hizi hufanya machache tu pamoja na kukandwa. Kumharisha mtu anayemeza dawa za presha na za kisukari ni kumkausha maji, presha ikaporomoka, figo zikaumia, na metfomini kwenye figo zilizoumia hugeuka hatari. Kama unga wa kijani una sanamaki, jani la kuharisha, kulainika kwa choo kumeshapata maelezo, na kuharishwa kidogo kidogo kila siku si kitu cha kufurahia.

Lakini mama analala vizuri, na hilo lisipuuzwe. Huenda ni kwa sababu kuna mtu alikaa naye akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza habari za ndoto zake, akamwambia alale mapema na ajipake mafuta. Hayo ni matibabu pia, na kliniki zetu za asubuhi zenye foleni ya wagonjwa themanini haziyatoi. Ayabakize. Ale chakula cha jioni mapema, atembee nusu saa baada ya chakula, alale saa ile ile, manjano, tangawizi, uwatu na mdalasini aendelee kuvitia kwenye mchuzi kama viungo. Kumeza kwa vijiko ni dozi ya dawa, hilo aulize kwanza. Akitamani kuendelea na tabibu wa Ayurveda, atafute aliye tayari kuandika kila anachompa, kutotumia madini, na kupokea simu ya daktari wake. Lengo la kupunguza vidonge lenyewe si baya. Daktari hulifanya pale kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaporuhusu, kidonge kimoja baada ya kingine.

Na mafuta ya kujipaka aendelee nayo kama yana harufu ya ufuta tu na hayamwashi. Ila yasipashwe moto na yeye mwenyewe. Kisukari huua hisia za nyayo, mtu akaungua bila kujua, kwa hiyo wewe au mdogo wako muyaguse kwanza kwa kiwiko. Msipake katikati ya vidole, unyevu hapo hualika fangasi. Na kwa kuwa mtakuwa mmeishika miguu kila jioni, tazameni nyayo: kidonda, lengelenge au weusi wowote, hata usiouma, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.